Usiache mbachao: historia ya kifungio cha lenzi, na bodi niliyoichagua

Kwa majuma matatu nilikuwa mtu wa jambo moja tu. Nikitoka kazini, badala ya kupumzika, nafungua tarakilishi na kulinganisha kamera hadi usiku wa manane. Bodi yangu ni Nikon D90, toleo la mwaka 2008, megapikseli 12.3. Imenifanyia kazi nzuri kwenye harusi na sherehe za jamaa na marafiki hapa Mombasa. Lakini umri ni umri. Usiku ukumbini, taa zikipunguzwa bibi harusi anapoingia, picha hujaa chembechembe kama mchanga wa pwani. Basi nikaamua kupanda daraja. Swali ni kupanda kwenda wapi.

(Kwa msomaji mgeni wa mambo haya: ninaposema bodi nina maana ya kamera yenyewe bila lenzi. Kwenye kamera za aina hii vitu hivi viwili huuzwa kando kando, na mtu anaweza kubadilisha kimoja akabaki na kingine.)

Baada ya mchujo mrefu nilibaki na bodi tatu za Nikon: D750 ya mwaka 2014, ambayo ningenunua iliyotumika, D780 ya mwaka 2020, na Z 5, pia ya 2020, ambayo haina kioo ndani. Kwa kuwa kazi yangu ni kutunga programu, nilifanya kile afanyacho kila mtunzi wa programu akikwama: nikatengeneza jedwali. Megapikseli? Zote tatu ni 24 na ushei. Ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu? Zote tatu ni sawa na filamu ya milimita 35. Nafasi za memori kadi? Mbili, mbili, mbili. Jedwali langu zuri likawa halina la kuniambia.

Jibu nilianza kuliona nilipoacha kurasa za sifa nikarudi kwenye historia. Nikagundua kwamba nilikuwa nikitazama mahali pasipo. Nilitazama kihisi, na kumbe jambo lenyewe lilikuwa pale mbele ya bodi, kwenye ule mduara wa chuma ambao lenzi hujifunga kwao. Mimi nitauita kifungio. Haya basi, tuanze mwanzo.

KIFUNGIO NI MKATABA

Watunzi wa programu tunajua kwamba programu mbili zikitaka kuzungumza lazima ziwe na mkataba: wewe utanipa hiki, mimi nitakurudishia kile. Ukivunja mkataba huo bila taarifa, kila aliyejenga juu yake anaanguka. Kifungio cha lenzi ni mkataba wa namna hiyo hiyo, ila umeandikwa kwa chuma. Unasema mduara una upana gani, na muhimu zaidi, unasema kuna umbali gani kutoka kwenye mduara huo hadi kwenye filamu au kihisi. Lenzi hutengenezwa ikijua umbali huo. Ikikaa mbali zaidi kidogo tu, haiwezi tena kufokasi vitu vilivyo mbali, kama jahazi lililo kwenye upeo wa bahari.

Nikon ilitoa mkataba wake mwaka 1959 pamoja na kamera iliyoitwa Nikon F. Umbali: milimita 46.5. Upana wa ndani: milimita 44. Umbali ni mkubwa hivyo kwa sababu kati ya lenzi na filamu kulikuwa na kioo kilichoinama, kazi yake kurusha taswira juu hadi jichoni mwa mpigapicha. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu na filamu inapata mwanga. D90 yangu, iliyotoka miaka 49 baadaye, ina kifungio hicho hicho cha F. Ni teknolojia ngapi unazozijua zilizodumu hivyo?

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Mkataba wa 1959 ulikuwa na nyongeza nyingi zilizobandikwa kiraka juu ya kiraka. Mwaka 1977, kwa mfano, walibadilisha namna lenzi inavyoiambia bodi tundu lake la mwanga limefunguliwa kiasi gani. Lenzi za kabla ya hapo ambazo hazikufanyiwa marekebisho zinaweza kuharibu kijipini kwenye bodi nyingi zilizokuja baadaye. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kila lenzi ya Nikon huingia kwenye kila bodi ya Nikon, mwambie aseme polepole.

TETEMEKO LA 1985

Hadi miaka ya themanini mpigapicha alifokasi kwa mkono, akizungusha pete ya lenzi. Mwaka 1985 kampuni ya Minolta ilitoa kamera ya 7000 iliyokuwa na fokasi ya otomatiki ndani ya bodi yenyewe, na ikauzika vizuri sana. Ili kufika hapo Minolta walitupa kifungio chao cha zamani na kuanza kipya. Wenzao wote wakaamka.

Nikon na Canon walijibu kwa njia mbili tofauti kabisa, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu.

Nikon mwaka 1986, kwenye kamera ya F-501, walikataa kuvunja mkataba. Waliweka mota ndani ya bodi, kisha wakatoboa kishimo kwenye kifungio na kupitisha kijiti cha chuma chenye ncha kama ya bisibisi. Kijiti kinashika skrubu iliyo nyuma ya lenzi na kuizungusha. Lenzi za zamani zikaendelea kufungika, na lenzi mpya zikafokasi zenyewe. Kila mtu akafurahi.

Canon wao waliwauzia watu lenzi za kifungio cha FD tangu mwaka 1971. Mwaka 1987 walitoa mfumo wa EOS wenye kifungio kipya, EF, kipana cha milimita 54, kisicho na kijiti wala wenzo wowote wa kusukumana. Kila lenzi ikawa na mota yake ndani, na mazungumzo yote kati ya lenzi na bodi yakapita kwenye vipande vya shaba, kwa umeme. Na lenzi za FD? Umbali wa FD ulikuwa milimita 42, wa EF ni 44. Milimita mbili tu, lakini ni milimita mbili za upande mbaya: lenzi ya FD kwenye bodi ya EF inakaa mbali mno, na bila kuongezewa kioo kingine katikati haioni mbali. Mtu aliyekuwa amejinyima miaka kumi kununua lenzi za FD aliamka akakuta njia yake imefika mwisho. Hebu fikiria hasira yao!

Katika ulimwengu wetu wa programu tunaijua migogoro hii. Mmoja anabeba mizigo ya zamani ili asimuudhi mtu. Mwingine anafuta yote na kuandika upya, na wateja wanalia. Nani alikuwa sahihi? Subirini, jibu lilichukua miaka 31 kuja.

DIJITALI: KODAK MPANGAJI

Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975. Picha yake ilikuwa na megapikseli 0.01, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak hao hao wakaanza kuuza kamera ya DCS ya megapikseli 1.3. Lakini ukiitazama vizuri unaona kwamba bodi yake ni Nikon F3 ya filamu, iliyounganishwa kwa waya na sanduku la kubeba begani lenye diski ya megabaiti 200. Kwa nini Kodak wapange nyumba ya mwingine? Kwa sababu waandishi wa habari waliokusudiwa kuinunua walikuwa tayari na lenzi za Nikon kwenye mikoba yao. Kodak walikuwa na kihisi na hawakuwa na kifungio kilichopendwa na mabingwa. Hata kamera zao za mwisho za aina hiyo zilitumia vifungio vya Nikon na Canon, na mwaka 2005 wakaacha kuzitengeneza.

Wenye nyumba walipoanza kujenga wenyewe, mambo yalikwenda mbio. Nikon D1 mwaka 1999, megapikseli 2.7, kwa zaidi ya dola 5,000. Canon D30 mwaka 2000, megapikseli 3.1. Kisha Canon 300D mwaka 2003, megapikseli 6.3, ikashuka chini ya dola 1,000, na Nikon wakajibu na D70 mwaka 2004. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya homa ya megapikseli, na wengi wetu bado hatujapona.

Naomba tupige hesabu kidogo. D70 ilikuwa na pikseli 3,008 kwa 2,000, yaani megapikseli 6. D750 ina 6,016 kwa 4,016, yaani megapikseli 24. Tangazo litakwambia ni mara nne. Ni kweli, lakini upana wa picha umeongezeka mara mbili tu. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, ya kwanza inakupa karatasi ya upana wa inchi 10, ya pili inchi 20. Ni wateja wangapi wamewahi kuniomba picha ya inchi 20? Wawili.

Minolta, walioanzisha tetemeko, waliungana na Konica mwaka 2003, na mwaka 2006 wakaacha biashara ya kamera na kuikabidhi kwa Sony. Sony waliendeleza kifungio chao kwa muda, lakini mwaka 2010 wakaleta kipya chao wenyewe cha E, na nguvu zao zikahamia huko polepole. Kwa hiyo hata mkataba wa kampuni kubwa unaweza kumaliza siku zake mikononi mwa mwingine.

Na Nikon waliokataa kuvunja mkataba? Mwaka 2006 walitoa D40, bodi ndogo, nyepesi, ya bei nafuu. Ili iwe hivyo, waliondoa mota na kile kijiti. Lenzi za skrubu ziliendelea kufungika, zikaendelea kupiga picha, lakini fokasi ikarudi kuwa ya mkono. Mkataba ulivunjwa kimya kimya, kwa bodi za bei ya chini tu. Wengi walijua wakiwa wameshafika nyumbani na boksi.

KIOO KINAPOONDOKA

Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, kamera ya lenzi za kubadilisha isiyo na kioo. Unachokiona ni skrini ndogo iliyo mbele ya jicho lako. Kioo kikishaondoka hakuna haja ya ule umbali mrefu. Sony E ina milimita 18. Mwaka 2018 Nikon walileta kifungio cha Z, umbali milimita 16 na upana 55, na Canon wakaleta RF, umbali milimita 20.

Sasa angalia uzuri wake. Umbali ukipungua, adapta inawezekana kirahisi: weka bomba tupu la kujazia pengo, na lenzi ya zamani inakaa pale pale ilipozoea kukaa. Kutoka F kwenda Z pengo ni milimita 30.5. Kutoka EF kwenda RF ni milimita 24. Wote wawili waliuza adapta hizo tangu siku za mwanzo.

Na hapa lile jibu la miaka 31 likafika. Adapta ya Canon ni bomba lenye vipande vya shaba, basi. Kwa kuwa tangu 1987 mota ziko ndani ya lenzi na mazungumzo ni ya umeme, lenzi ya EF ya fokasi ya otomatiki iliyonunuliwa mwaka 1987 inafokasi yenyewe kwenye bodi ya 2018. Adapta ya Nikon, iitwayo FTZ, haina mota wala kijiti. Lenzi za F zenye mota ndani zinafanya kazi vizuri. Lenzi za skrubu, zile za mkataba uliolindwa kwa heshima mwaka 1986, zinarudi kufokasiwa kwa mkono.

Kwa maneno mengine, aliyewaumiza wateja wake mara moja mwaka 1987 aliwavusha salama mwaka 2018. Aliyewahurumia mwaka 1986 aliahirisha tu deni, na deni hilo linalipwa na mimi.

Ndiyo, na mimi. Kwa sababu lenzi zangu mbili nizipendazo ni za skrubu.

MJOMBA NA THEMANINI NA TANO

Lenzi hizo alinipa mjomba wangu alipofunga studio yake: moja ya milimita 50, f/1.4 D, na nyingine ya milimita 85, f/1.8 D. Alizitumia kwenye filamu. Hii ya 85 ndiyo aliyoiita mke wa pili, na mke wa kwanza hakupenda utani huo.

Nilimpigia simu kumwomba ushauri. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, nikamweleza juu ya Z 5.

"Itaishika themanini na tano?" akauliza.

"Itaishika, mjomba. Ila fokasi itabidi nizungushe kwa mkono."

"Mimi nilizungusha kwa mkono miaka yote ile," akasema. "Lakini mwanangu, mimi nilikuwa nawaambia watu wasimame."

Neno hilo lilinikaa. Wateja wa studio walisimama. Bibi harusi wa leo hasimami, na watoto ndio kabisa.

Sikutaka kuamua kwa mapenzi ya lenzi peke yake, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya lile jedwali. Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake maelezo: tarehe, lenzi, tundu la mwanga, kasi. Niliandika programu fupi ya kupita kwenye folda zangu zote za harusi na kuhesabu. Karibu picha mbili katika kila tatu nilizowapa wateja zilipigwa kwa lenzi mbili za mjomba. Na nyingi kati ya hizo zilipigwa tundu likiwa wazi sana, f/2.8 au zaidi, ambapo sehemu iliyo kwenye fokasi ni nyembamba mno. Ukikosea kidogo, jicho limefifia na sikio ndilo liko wazi. Kuzungusha kwa mkono, gizani, mtu akitembea? Ningepoteza nyingi.

Z 5 ikatoka kwenye orodha. Si kwa ubaya wake. Inatuliza mtikisiko wa mikono ndani ya bodi yenyewe, jambo ambalo D750 na D780 haziwezi. Kama lenzi zako zina mota ndani, au huna lenzi yoyote na unaanza leo, nenda kwenye kifungio kipya bila kusita. Tangu D780 na D6 za mwaka 2020 Nikon hawajatoa bodi nyingine ya F, na Canon nao walisema mwaka 2021 kwamba 1D X Mark III ndiyo bodi yao kuu ya mwisho yenye kioo. Barabara hii inafika mwisho, na ni vizuri kuijua kabla ya kuingia.

Zikabaki D750 na D780, zote zenye mota na kijiti. D780 ni bora, hasa kwa video na kwa fokasi ukitumia skrini ya nyuma. Lakini mimi video sipigi, na sikuona sababu ya kuweka pesa nyingi kwenye bodi ya mwisho wa barabara. Nikachagua D750.

Kihisi chake kina eneo la takriban mara 2.3 ya kile cha D90, na hilo ndilo litakalonisaidia ukumbini usiku. Kuna faida nyingine niliyokuwa nimeisahau. Kwenye D90 kihisi kidogo hukata kingo, na lenzi ya 85 huona kwa wembamba kama vile ni ya 127. Kwenye D750 itaona tena upana ule ule aliouona mjomba kwenye filamu.

Kwa atakayefuata njia hii, mambo mawili ya kuangalia. Uliza shata imefyatuka mara ngapi. Ya D750 ilipimwa kwa mara 150,000. Pia chukua nambari ya bodi kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mwaka 2015 Nikon walitangaza kwamba shata za baadhi ya D750 zina hitilafu na wakajitolea kuzirekebisha bure. Hakikisha unayonunua haimo, au ilishatengenezwa.

Nimejiwekea na sharti moja: sinunui tena lenzi ya skrubu. Kila lenzi nitakayoongeza kuanzia sasa itakuwa na mota yake ndani, ili siku nitakapohamia kwenye Z iende nami kupitia adapta. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema ununue mbacha mwingine.

Jumamosi ijayo nina harusi Likoni. Mjomba amesema atakuja, na amenionya nisimwambie asimame.